Ucheleweshaji wa milipuko: jinsi mtetemo wa ardhi unavyodhibitiwa katika uchimbaji wa mahandaki

Ucheleweshaji wa milipuko ni utaratibu wa kulipua kwa zamu baruti iliyopakiwa katika matundu yaliyochorongwa mwambani, tundu baada ya tundu, kwa kupishanisha sehemu ndogo sana za sekunde, badala ya kuzilipua zote kwa mpigo. Sisi wa Unguja hatuna mahandaki kama yale ya reli ya SGR huko Kilosa. Hata hivyo, mtu aliyelelewa katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa ya Mji Mkongwe ana kila sababu ya kuielewa dhana hii, kwa kuwa kuta za namna hiyo hubeba uzito vizuri lakini hazistahimili kuvutwa na kutikiswa.

Mtetemo hupimwa kwa kasi ya juu kabisa ya chembe za ardhi, yaani milimita kwa sekunde. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 4150 huyapa majengo ya kihistoria milimita 3 tu kwa sekunde kwenye msingi, pale mtetemo unapokuwa wa chini ya hezi 10 (yaani mitikisiko 10 kwa sekunde), na huruhusu zaidi kidogo kadiri mtetemo unavyokuwa wa haraka.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba mtetemo hutegemea jumla ya baruti iliyopakiwa. La hasha. Kinachohesabiwa ni umbali pamoja na uzito wa baruti inayolipuka katika hatua moja. Tuchukue uso wa handaki, yaani ukuta wa mwamba unaochimbwa, wenye matundu 60, kila moja likiwa na kilo 2, na nyumba iliyo umbali wa mita 50. Kwa fomula ya makadirio inayotumika sana, ambayo hugawanya umbali kwa kipeuo cha pili cha uzito, kilo zote 120 zikilipuka pamoja mtetemo hufikia takriban milimita 100 kwa sekunde. Zikilipuka kilo 2 kwa kila hatua, hushuka hadi karibu milimita 4. Baruti ni ile ile na mwamba ni ule ule. Ni kama watwangaji wawili katika kinu kimoja: wakipokezana michi, sakafu hustahimili. Hata hivyo miamba hailingani, kwa hiyo makadirio hayo lazima yahakikishwe kwa milipuko ya majaribio na vipimo vya mahali penyewe.

Pengo kati ya hatua liwe la muda gani? Kwa miaka mingi imefuatwa kanuni ya milisekunde 8: baruti zinazolipuka ndani ya muda huo huhesabiwa kuwa ni mlipuko mmoja. Kanuni hiyo haitoshi kila mahali, kwani mawimbi hurefuka yanaposafiri na yanaweza kukutana tena mbele. Kinyume chake, muda ukichaguliwa vyema, kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine na yote mawili hupungua nguvu. Kwa mtetemo wa hezi 50, ambao mzunguko wake ni milisekunde 20, pengo hilo ni milisekunde 10. Fataki za kawaida, yaani vifaa vya kuwashia baruti, zinazochelewesha kwa kuunguza kemikali, hupotoka mno kwa kazi nyeti kama hiyo. Fataki za elektroniki hupangwa kwa milisekunde moja moja, na kwa maoni yangu karibu na majengo ya kale hizo ndizo za kutumiwa, ingawa bei yake ni kubwa.

Katika handaki kuna ugumu wa pekee. Mwamba una upande mmoja tu wa kutokea, hivyo matundu ya katikati hulipuliwa kwanza, yakizunguka matundu mapana yasiyo na baruti, ili kufungua nafasi. Hapo ndipo mtetemo huwa mkali zaidi, kwa kuwa baruti imebanwa kila upande. Zamu zikifuatana haraka mno, mawe hukwama kabla ya kutoka na tundu linalofuata nalo hubanwa. Ndiyo maana mapengo ya handakini huwa marefu, na ulipuaji mzima wa matundu yote huweza kuchukua sekunde kadhaa. Penye nyumba juu, wahandisi huyateremsha matundu hayo ya kwanza karibu na sakafu ya handaki, mbali na misingi, na hufupisha uchorongaji ili kila tundu libebe baruti kidogo zaidi.