Ekzema si gale

Baridi ya Juni ikishaingia Lubumbashi, kila mtoto anayejikuna hupewa hukumu moja: "Huyo ana gale, asilale na wenzake." Majirani wanasema, mwalimu anasema, na muuza dawa naye anasema kabla shati la mtoto halijafunuliwa. Gale, yaani upele, ipo, tena sana. Ila ekzema ni kitu kingine, na kuzichanganya kunawatesa watoto.

Ekzema, ambayo wengine huiita pumu ya ngozi, ni ngozi yenye kinga dhaifu: hupoteza maji upesi, hupenywa na sabuni na vumbi kwa urahisi, na mwili hujibu kwa kuvimba na kuwasha. Mara nyingi hutembea katika ukoo pamoja na pumu. Haiambukizi. Wengi huanza nayo utotoni na hupata nafuu wakikua. Wengine huipata ukubwani, hasa mikononi, kwa kushika sabuni au simenti kutwa. Maana ni hiyo tu.

Gale huletwa na mdudu asiyeonekana vizuri kwa macho, Sarcoptes scabiei, anayechimba vijia ndani ya ngozi ya juu. Hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiuno, makalio na sehemu za siri. Watu husema "inawasha usiku, basi ni gale." Hapana, ekzema nayo huamsha mtoto usiku. Swali la kuuliza ni hili: nani mwingine nyumbani anajikuna? Ila kumbuka kwamba anayeambukizwa gale mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa, kwa hiyo anayejikuna peke yake leo anaweza kuwa wa kwanza tu.

Ekzema ina mahali pake: mashavu na kichwa kwa mtoto mchanga, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti kwa mkubwa kidogo. Huja, hutulia, hurudi palepale. Na tafadhali, usingoje wekundu unaosomwa vitabuni. Kwenye ngozi nyeusi utaona weusi uliokolea, rangi ya kijivu au zambarau, au vipele vidogovidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

Linaloniudhi zaidi ni dawa. Mtoto wa ekzema akipakwa benzili benzoati, dawa ya gale, kwenye ngozi iliyopasuka, inamchoma hadi anapiga kelele, na ngozi inazidi kukauka. Mwenye gale akipakwa pomadi ya kortizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, muwasho unapungua, alama zinafichika, na mdudu anaendelea kuzaa. Halafu kuna krimu ya mama ya kung'arisha uso, yenye klobetasoli ndani, anayopakwa mtoto kwa sababu "ilimaliza muwasho haraka." Ni kweli inatuliza, ni kortizoni kali mno. Ikitumiwa hivyohivyo bila kipimo, ngozi inakuwa nyembamba, na ikiachwa, muwasho unarudi kwa hasira.

Msingi wa matibabu ya ekzema ni mafuta. Maji ya vuguvugu, kuoga kusiwe kurefu, sabuni isiyo na manukato, kisha vazilini mwili mzima ngozi ikiwa bado na unyevu, angalau mara mbili kwa siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri. Msimu huu usio na mvua, wenye vumbi na mbabula ya makala (jiko la mkaa) chumbani, ndipo vazilini haipaswi kukosa. Kortizoni ipo, na haiogopwi ikichaguliwa na dokta: nyepesi kwa uso, yenye nguvu zaidi kwa mwili, sehemu iliyovimba tu. Mstari wa pomadi kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Maganda ya manjano, usaha au homa ni maambukizi. Malengelenge madogo mengi yanayouma ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, mwalimu, yule mwenye mikunjo iliyokwaruzwa, ambaye wadogo zake hawajikuni na dokta ameshasema ni ekzema, mrudishe kwenye benchi lake. Jirani yake hatapata kitu.