Mi siyo ajasta wako, na leseni ya TIRA (mamlaka ya usimamizi wa bima) hainifanyi mtu wa serikali

Ile video imenifikia tena. Safari hii kaka mmoja wa Masasi kanitumia usiku, na voisi ndefu chini yake. Mzungu kasimama mbele ya nyumba iliyoezuliwa na kimbunga huko Florida, anasema kampuni ya bima ilitoa hela ya kijinga, yeye akaingia kati, ikapanda mara tatu. Kaka anamalizia: "mkuu, si na wewe ni ajasta mwenye leseni, nisimamie kleimu ya duka nikukatie asilimia kumi". Ajasta ni mtathmini hasara, kleimu ni madai ya kulipwa na bima, na duka lenyewe ndo lile nililotumwa na kampuni ya bima kwenda kulikagua! Yaani anataka refa achezee timu yake na mshahara juu.

Sijakasirika na yeye, nimekasirika kwasababu ni wa ngapi huyu sijui. Kwahiyo naandika mara moja, wa kuja nitamtumia linki.

Yule jamaa wa kwenye video yupo kweli, siyo tapeli. Marekani wanamwita pablik ajasta. Anaajiriwa na mwenye mali, anahesabu hasara kwa niaba yake, anausoma mkataba wa bima mstari kwa mstari na anabishana na kampuni mpaka kieleweke. Anashughulika na nyumba, duka, mali, ukivunjika mguu siyo kazi yake, hapo unatafuta wakili. Leseni inatolewa na jimbo, na kwenye majimbo mengi mpaka afaulu mtihani na aweke dhamana ya hela ndo anaruhusiwa kugusa kleimu ya mtu.

Na ile asilimia ambayo kila mtu anaishika kichwani haiko huria hata huko kwao. Texas mwisho asilimia 10 ya malipo. New York mwisho 12.5. Florida ni 20 kwa kleimu za kawaida, ila gavana akishatangaza hali ya dharura inashuka mpaka 10 kwa mwaka mzima wa kwanza, kwasababu walijua kabisa watu wakishaezuliwa paa wanasaini chochote kinacholetwa mbele yao. Louisiana asilimia hairuhusiwi kabisa, unalipwa kwa kazi uliyofanya. Alabama ndo wamefunga mlango, kwao ukifanya hiyo kazi unahesabika umefanya uwakili bila kuwa wakili. Hao wote ni nchi moja. Sasa we unachukua sheria ya Florida unaileta Tandahimba, inaingilia wapi?

Huku kwetu mi nimesajiliwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009, kama mtathmini hasara. Anayenipigia simu ni kampuni ya bima. Anayenilipa ni kampuni ya bima. Ripoti yangu inaenda kwa kampuni ya bima na mara nyingi we mwenye duka hata kopi huioni. Kazi yangu ni kusema ukweli wa hasara: nini kimeungua, kimesababishwa na nini, mkataba unakigusa au haukigusi, thamani yake ngapi. Nikiegemea kwako nimeharibu, nikiegemea kwao nimeharibu. Ila mtu wako siyo mimi, na kila nikiingia eneo la tukio huwa naanza kwa kulisema hilo na kila mara mtu anaitikia "sawa sawa mkuu" alafu anaenda kuninunulia soda.

Kuna wengine, hasa wazee, wakiona kitambulisho na neno TIRA wanajua nimetumwa na serikali. Hapana. Leseni inasema tu kwamba naruhusiwa kufanya hii kazi na kuna mahali pa kunishtaki nikiboronga. Na nikiandika 20 milioni haimaanishi kampuni lazima itoe 20 milioni, mi nashauri, wao ndo wanaamua.

Sasa nije kwenye kitu kinachonipandisha presha, maana nikimaliza kueleza hapo juu swali linalofuata ni lile lile, "kwahiyo nyie ndo mnaokata hela zetu".

Chukua duka la kawaida la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka kakopa benki 30 milioni. Benki hawakopeshi bila bima, kwahiyo siku ya kusaini mkopo anasaini na fomu ya bima, anakatwa ada humo humo, anaondoka. Hiyo bima imeandikwa 30 milioni kwasababu mkopo ni 30 milioni. Hakuna aliyeenda kuhesabu mzigo dukani. Ikifika Oktoba minada ya korosho inaanza, hela za wakulima zinaingia, kila mfanyabiashara wa Newala na Masasi anajua huu ndo muda wa kujaza, mabati mpaka kwenye korido. Mzigo unafika 90 milioni. Hapo moto unatokea, unakula mzigo wa 45 milioni.

Mwenye duka anapiga hesabu: bima yangu ni 30, hasara ni 45, basi nipeni 30 yote. Kwa akili ya kawaida yuko sawa kabisa na mi simlaumu. Ila kwenye mkataba kuna kifungu cha avareji, kinasema kama mali ina thamani ya 90 na we umekatia 30, basi theluthi mbili iliyobaki umejikatia bima mwenyewe. Kwahiyo kampuni inabeba theluthi moja ya hasara tu. Theluthi ya 45 ni 15 milioni. Toa ekses, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, tuseme asilimia 10, inabaki 13.5. Na kwenye mkataba anayelipwa wa kwanza ni benki, siyo we, kwahiyo hata hiyo 13.5 inaweza ikaishia kwenye mkopo hujaiona.

Sasa mwambie hivyo mtu amesimama kwenye majivu. Anakuangalia we mwenye karatasi, anaona huyu ndo kala 16 na nusu yangu.

Mpaka leo sijui kama kile kifungu ni haki kwa mtu ambaye fomu aliwekewa mbele na afisa mikopo mwenye haraka. Kwenye vitabu avareji imenyooka, umelipia kidogo unapata kidogo. Lakini vitabu vinachukulia mtu alichagua mwenyewe kukatia pungufu. Huyu hakuchagua kitu, hata kama alijua ana bima alijua tu kwa kuona makato.

Alafu kuna upande wa pili ambao watu hawapendi niuseme. Naomba vielelezo vya mzigo, naletewa daftari linaloonyesha 90 milioni. Naomba risiti za mashine ya EFD na makadirio ya kodi ya TRA, nakuta duka hilo hilo linauza kama genge la nyanya. Sasa nishike lipi? Huwezi kuwa maskini mbele ya TRA na tajiri mbele yangu ndani ya mwezi mmoja, na kampuni wakiona zile karatasi mbili pamoja wanasimamisha kila kitu.

La mafuriko nalipitia haraka tu: bima ya moto peke yake ni ya moto, maji na upepo mara nyingi vinaongezwa kwa kulipia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na zile mvua zikakata barabara ya Dar pale Somanga, ndo watu wengi walienda kusoma mikataba yao kwa mara ya kwanza. Isome kabla.

Kuna swali moja la haki niliulizwa na dada mmoja pale Mikindani: kama anayekulipa ni kampuni, utasemaje hupendelei kampuni? Jibu la kitabu ni maadili ya taaluma na usajili. Jibu langu ni kwamba presha ipo. Hakuna anayekupigia akwambie punguza, ila ukiwa mtu wa kuandika kleimu kubwa kubwa unaanza kuona simu hazilii, kazi anapewa mwingine. Mi najitahidi kuweka kila hesabu kwenye ripoti mtu yeyote aweze kuirudia, ila siwezi kukuapia kwamba mfumo wenyewe uko sawa. Kwa hilo tu ndo namwelewa mtu anayetamani ajasta wa upande wake.

Wa upande wako kwa sheria yetu ni broka, yaani dalali wa bima. Siyo wakala, wakala ni mtu wa kampuni hata kama mnasali msikiti mmoja. Broka anatakiwa akusimamie mpaka kwenye kleimu, na kamisheni yake ameshaipata kwenye ada uliyolipa, kwahiyo mfanyishe kazi. Kama hasara ni ya jengo tafuta injinia au mkadiriaji majenzi wako akupigie hesabu ya kurudishia, nikutane na karatasi badala ya hasira. Mkishindwana na kampuni, waandikie malalamiko wao kwanza, wakigoma nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huduma ni bure, au anzia ofisi ya kanda ya TIRA hapa Mtwara.

Na ile karatasi ya mwisho wanayokupa usaini kabla ya kulipwa, yenye maneno ya malipo kamili na ya mwisho, usiisaini kwa njaa. Ukishasaini alafu ukanipigia, hata ukinikatia asilimia hamsini sina cha kukusaidia.