Ufuatiliaji angani: nukta mpya ikishaonekana, kazi ndiyo inaanza

Kwa wanaastronomia, ufuatiliaji ni kukirudia kitu kipya kwa darubini, tena na tena, mpaka kijulikane ni nini, kiko umbali gani na kinaelekea wapi. Habari husifu ugunduzi, lakini nukta iliyoonekana usiku mmoja tu na isitazamwe tena ni rahisi kupotea.

Msingi wake ni kulinganisha picha. Sehemu ileile ya anga hupigwa picha zaidi ya mara moja, kisha huulizwa: kipi kimesogea, na kipi hakikuwepo? Clyde Tombaugh aliifanya kazi hiyo kwa macho yake huko Arizona mwaka 1930. Alikuwa na picha mbili zilizopigwa kwenye vipande vya kioo, moja ya tarehe 23 Januari na nyingine ya tarehe 29, na mashine iliyomwonyesha hii, kisha ile, kwa kupokezana haraka. Nyota zote zilitulia mahali pake. Nukta moja hafifu ikawa inaruka huku na huku. Hiyo ndiyo Pluto. Siku hizi kompyuta ndiyo inayolinganisha, ila swali halijabadilika.

Kilichosogea ni cha ukoo wa Jua letu. Kadiri kilivyo mbali ndivyo kinavyoonekana kwenda polepole, na sehemu kubwa ya mwendo huo hata si yake: ni sisi tunaosogea pamoja na Dunia, kama mlima wa mbali unavyoonekana kusogea taratibu ukiutazama kutoka dirisha la basi. Kitu kilicho mbali mara 40 ya umbali wa Dunia na Jua huchukua zaidi ya wiki tatu kusogea upana wa Mwezi mpevu.

Eris, sayari kibete kama Pluto, ilikuwa mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Mike Brown, Chad Trujillo na David Rabinowitz waliipiga picha tarehe 21 Oktoba 2003 katika kituo cha Palomar, California, na hawakuiona. Programu yao ilikuwa imepangwa iviache vitu vinavyokwenda polepole mno, ili isiwajazie ishara za uongo. Walipozipitia upya picha zile Januari 2005, ikajitokeza. Jina lake la muda, 2003 UB313, linahifadhi siku ya picha, si siku ya kugundulika: herufi U ni nusu ya pili ya Oktoba.

Eris hulizunguka Jua kwa takriban miaka 560. Ukitafuta njia yake yote kwa picha za miezi michache, ni kama umeokota kigae na unatakiwa ukisie chungu kizima. Ukikosea kidogo kwenye kigae, chungu kinakuwa kingine kabisa. Dawa ni kusubiri miaka, au kupekua makabati ya picha za zamani. Eris ilikutwa kwenye picha ya mwaka 1954, imekaa pale nusu karne bila mtu kuitambua. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote za kazi hii.

Nukta ambayo haikusogea bali imeongezeka, hasa ndani ya galaksi nyingine, huenda ni supanova, yaani nyota iliyolipuka. Nuru yake hutawanywa kwa rangi ili isomwe: hidrojeni ikionekana, ni Aina ya II, nyota kubwa ambayo kiini chake kimeporomoka. Hidrojeni ikikosekana na silikoni ikajitokeza wazi, ni Aina ya Ia, nyota kibete nyeupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha) iliyolipuka.

Na hapa hakuna kusubiri. Tarehe 19 Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani, mtazamaji wa ridhaa, aliona nukta mpya katika galaksi ya M101, miaka ya nuru milioni 21 hivi kutoka kwetu. Ikaitwa SN 2023ixf. Watazamaji wengine wa ridhaa walirudi kwenye picha zao wenyewe wakaikuta humo, saa kadhaa kabla ya kugunduliwa. Darubini kubwa ziliigeukia mara moja, na nuru ya siku za kwanza ikaonyesha gesi nzito iliyoizingira, ambayo nyota ilikuwa imeitema kabla ya kufa. Mlipuko uliipitia gesi hiyo kwa siku chache tu. Vipimo vilivyochukuliwa wiki mbili baadaye havikuwa na alama za gesi hiyo tena.