Riwaya ya michoro ni nini, na je, ni fasihi?

Riwaya ya michoro ni hadithi ndefu inayosimuliwa kwa picha zilizopangwa kwa mfuatano, na maneno yamo humo humo ndani ya picha: mazungumzo kwenye viputo, sauti ya msimulizi kwenye visanduku vidogo vya pembeni. Ni ndugu wa damu wa katuni za gazetini. Ila katuni ya gazetini humaliza kazi yake kwa vipande vitatu vinne, kesho ikaanza nyengine. Riwaya ya michoro ina msuko, ina wahusika wanaokua na kuzeeka, na hufungwa kitabu kizima.

Jina lenyewe halijakaa sawa hata huko lilikotoka. Mwaka 1978 Mmarekani Will Eisner alitoa kitabu kilichoitwa hivyo jaladani. Hakuwa wa kwanza kulitumia jina hilo, lakini yeye ndiye aliyelipa umaarufu, na kitabu chake si riwaya hata kidogo: ni hadithi fupi nne za wapangaji wa mtaa mmoja wa Bronx, New York. Kisha akaja Art Spiegelman na Maus, kisa cha baba yake aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ambamo Mayahudi wamechorwa kama panya na Wajerumani kama paka. Mwaka 1991 gazeti la New York Times liliweka juzuu ya pili kwenye orodha ya vitabu vya kubuni. Spiegelman akawaandikia kwamba haya yalitokea, si ya kubuni, nao wakakihamisha. Mwaka 1992 akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer.

Kwa hiyo neno "riwaya" hapa tulichukue kwa upana. La muhimu ni namna ya kusimulia.

Tuchukue ukurasa mmoja wa kubuni, tuuweke Kojani, kule Pemba. Kisanduku cha kwanza: mwanamke yuko mlangoni, mumewe anateremka pwani na upondo begani. Cha pili: sahani mbili juu ya mkeka, zimefunikwa kawa. Cha tatu: sahani zile zile, kawa zile zile, lakini sasa ni usiku na utambi wa taa umeshushwa. Cha nne: sahani moja.

Hakuna neno hata moja. Lakini msomaji akifika kisanduku cha nne moyo unamshtuka, na jicho linarudi lenyewe kwenye cha kwanza, kumtazama tena yule mume mgongo wake. Kilichotokea hakikuchorwa. Kimo kwenye ule uwazi mweupe kati ya kisanduku cha tatu na cha nne, na aliyekijaza ni msomaji. Mchoraji mzuri anajua nini cha kuacha, kama vile mshairi anavyojua neno la kutolisema. Ndiyo maana siwezi kukubali mtu akiniambia kwamba vitabu hivi havimpi msomaji kazi.

Nilipokuwa skuli hapa Unguja niliambiwa hivyo hivyo. Mwalimu alikikuta kitabu cha vibonzo ndani ya daftari langu, akakichukua, akasema hicho si cha kusoma, ni cha kutazama. Nakumbuka neno hilo mpaka leo, kwa sababu sisi Wazanzibari tunajua vizuri kwamba mambo hayo mawili huenda pamoja. Itazame kanga. Ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina. Jina peke yake ni methali tu. Mji peke yake ni korosho na maua. Anayeinunua Darajani huiangalia yote kwa pamoja, tena anafikiria ataivaa siku gani na nani atamuona. Maneno na picha vinasomwa kwa mara moja, na atakayekusudiwa ataelewa.

Hoja nzito ya wanaokataa inatoka kwenye maana ya fasihi tuliyofundishwa darasani: sanaa inayotumia lugha kufikisha ujumbe. Picha si lugha, wanasema, basi kitabu hiki ni nusu fasihi. Lakini tamthilia tumeiweka ndani ya fasihi, ilhali mwili na jukwaa vinabeba nusu ya kazi. Na mtambaji wa ngano, baada ya "Paukwa" na "Pakawa", anatumia macho, mikono, na kimya chake. Ukiandika maneno yake tu, ngano imekufa nusu. Tuliyaita hayo fasihi simulizi na hatukuona tatizo.

Sisemi kila kitabu cha aina hii kinastahili heshima. Vingi ni ngumi na kelele mwanzo mpaka mwisho, kama zilivyo riwaya nyingi za maneno peke yake zisizofaa kusomwa mara ya pili. Na ipo kazi ambayo michoro haiifikii: mizani ya utenzi, kwa mfano, inataka sikio, si jicho. Kitabu kipimwe kwa kilichomo.

Kwa anayetaka pa kuanzia, mimi humuelekeza kwa Aya, kilichoandikwa na Marguerite Abouet wa Ivory Coast na kuchorwa na Mfaransa Clément Oubrerie. Kilitoka Ufaransa mwaka 2005. Kinahusu wasichana wa mtaa wa Yopougon, Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970, na porojo zao ungedhani uko mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini Unguja.

Bibi yangu hajui Kifaransa. Jioni moja barazani nilimwekea kitabu hicho mapajani, akakifungua upande wa kulia, kama afunguavyo msahafu. Nikamgeuzia. Akavaa miwani, akawa anakwenda kisanduku kwa kisanduku na kidole. Mazungumzo yote yalimpita. Kidole kikasimama juu ya uso wa mama mmoja.

"Huyu keshajua," akasema. "Anamwacha mwanawe aongope tu."

Nikanyoosha mkono nifunue ukurasa unaofuata, akaushika.

"Tulia, mjukuu wangu. Sijamaliza hapa."