Pimamaji kwenye darubini ya bunduki: maana na kazi yake

Fundi mwashi akipandisha ukuta haamini jicho lake. Analaza pimamaji juu ya tofali, anatazama kiputo cha hewa kimetulia wapi kati ya mistari miwili, ndipo anaendelea. Mlenga shabaha wa masafa marefu ana kifaa hichohicho, ila chake ni kidogo, hakizidi kidole, na kimefungwa kwenye bomba la darubini ya bunduki. Kinamwonyesha jambo moja tu: kama bunduki imeinamia kulia au kushoto wakati analenga.

Ili kuona kwa nini jambo hilo ni kubwa, tuanze na risasi yenyewe. Ikishatoka kwenye mtutu, huanza kushuka papo hapo. Risasi ya .308 Winchester, aina moja ya risasi za bunduki, ikifika umbali wa mita 900 hivi, imeshuka takriban mita 10 chini ya mstari ambao mtutu uliuelekea. Mlengaji hufidia mshuko huo kwa kuzungusha kifundo cha juu cha darubini. Akirudisha msalaba wa ndani ya darubini kwenye shabaha, mtutu unakuwa umeinuka kidogo.

Lakini kifundo kile kinaijua "juu" ya darubini tu. Mvutano wa dunia, kwa upande wake, unavuta wima siku zote. Bunduki ikiinamia kulia, sehemu ya kimo ulichoongeza inageuka kuwa mwendo wa kwenda kulia, na risasi inatua kulia na chini kidogo.

Hesabu yake ni fupi: mshuko unazidishwa kwa saini (sine ya hisabati) ya pembe ya mwinamo. Kwa mshuko wa mita 10, nyuzi 1 inakupeleka pembeni sentimita 17, na nyuzi 3 sentimita 52. Kwenye mita 100, ambako mshuko ni kama sentimita 8, nyuzi 3 hizohizo ni milimita 4, yaani karibu nusu ya upana wa tundu la risasi. Mtu anaweza kulenga miaka mingi kwenye uwanja wa mita 100 asijue kamwe kwamba ana mazoea ya kulaza bunduki.

Akihamia mbali, kosa linajificha kwa namna nyingine. Kimo anachopoteza kwa nyuzi 3 ni sentimita 1 na nusu tu, kwa hiyo anachokiona ni risasi kwenda pembeni. Risasi ikienda pembeni, mtu wa kwanza kushtakiwa ni upepo. Anaurekebisha upepo ambao haupo, kisha anapiga tena, safari hii bunduki ikiwa imekaa wima, na risasi inatua upande wa pili, na sasa haamini tena hata alichokisoma vizuri kwenye nyasi na bendera. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kufunga pimamaji: inamwachia mlengaji upepo peke yake wa kushughulika nao.

Jicho halitoshi kwa kazi hii. Ukilala kwenye mteremko, au shabaha ikiwa mbele ya kilima kilichoinama, jicho hufuata mstari wa ardhi na kuuona kama ndio usawa. Wenye mchezo huu walilijua hilo zamani. Mwaka 1874, timu za Ireland na Marekani zilipopambana kwenye uwanja wa kulenga shabaha wa Creedmoor, New York, kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000, Marekani ilishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931. Bunduki za masafa marefu za Remington na Sharps za miaka hiyo zilikuwa na kipimamaji kidogo kwenye alama ya mbele ya kulengea.

Kukifunga kunahitaji uangalifu, na hapa wengi hukosea. Kiputo lazima kikubaliane na msalaba wa darubini, si na kitako wala mgongo wa bunduki. Tundika timazi kwa uzi mweupe umbali wa mita 25 au 50, siku isiyo na upepo. Iegemeze bunduki pasipotikisika, geuza mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi, ndipo ukaze pimamaji kiputo kikiwa katikati.

Kisha hakikisha kwa risasi. Kwenye mita 100, simamisha karatasi ndefu yenye mstari wa wima uliochorwa kwa timazi. Lenga kwenye ncha ya chini ya mstari, kiputo kikiwa katikati, piga. Ongeza miliradiani 10 kwenye kifundo (miliradiani ni kipimo cha pembe; moja ni sentimita 10 kwenye mita 100), lenga palepale, piga tena. Kundi la pili linapaswa kutua mita 1 juu, kwenye mstari uleule. Likisogea pembeni sentimita 1.7 kuliko la kwanza, una kosa la nyuzi 1. Legeza skrubu, rudi kwenye timazi.