Gari jepesi la kujiundia nyumbani: mizani kabla ya injini

Bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, lenye ukuta wa milimita 1.5 na urefu wa mita 6, linatakiwa kuwa na uzito wa kilo 6.6 hivi. Ukuta ukiwa milimita 1.2, bomba la urefu uleule linashuka mpaka kilo 5.4. Kwa macho huoni tofauti, hasa ncha zikiwa zimefunikwa na kutu na mabaki ya msumeno. Ndiyo maana siku niliyokwenda kununua vyuma vya kuundia gari langu, muuzaji aliposema, "Fundi, hizi zote ni moja na nusu, beba tu," nilimjibu, "Kaka, naomba kwanza mizani yako ya misumari." Tukapima kumi. Sita yalikuwa ya 1.2. Naamini hakukusudia, mzigo ulichanganyika huko ulikotoka. Ila mimi ningeondoka na mabomba yale, ubavu mmoja wa gari langu ungekuwa mgumu na mwingine laini, na ningekaa miaka nikitafuta kwa nini linavuta upande.

Vijana wanaopita gereji kwangu Kizota, hapa Dodoma, huuliza jambo moja kabla hata ya salamu kuisha: injini gani? Nitafika huko. Gari la namna hii linaanza na kilo.

Asili yake ni Uingereza. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alitoa Lotus Seven: viti viwili, chesisi (fremu inayobeba gari lote) ya mabomba membamba yaliyofungwa kwa pembetatu, ganda la alumini, na karibu hakuna kingine. Liliuzwa pia likiwa vipande, ukaunge mwenyewe nyumbani, kwa sababu gari kamili lilikuwa na kodi ya mauzo ambayo vipande havikuwa nayo. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham walichukua haki ya kuliendeleza, na bado wanaliunda. Tangu hapo mafundi wa nchi nyingi wamejichomelea magari ya umbo hilo wakitumia viungo vya gari la kawaida. Langu ni la ukoo huo. Viungo vilitoka kwenye Toyota Altezza iliyogongwa nyuma vibaya, mbele ikabaki nzima.

Sasa injini. Altezza RS200 ya gia za mkono ilitoka kiwandani na 3S-GE ya lita 2, nguvu farasi 210, ndani ya gari la tani 1.3 na ushee. Kwa hesabu ya haraka, kila tani inavutwa na farasi kama 155. Ihamishe injini hiyohiyo, bila kuigusa, kwenye gari la kilo 650 kama langu, na kila tani inapata farasi 323. Ili Altezza yenyewe ifike hapo ungehitaji farasi zaidi ya 400, kisha giaboksi, difu, klachi na breki za kuzihimili. Na hizo farasi 210 ni za usawa wa bahari. Dodoma tuko juu mita 1,100 na kitu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 12 ya nguvu zake. Unabaki na farasi kama 185. Mwinuko unakupunguzia nguvu kila unapowasha, lakini kilo ulizozitoa haukurudishii. Kwa mtu anayejenga huku kwetu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuhangaika na uzito badala ya kukimbilia tabo.

Chesisi nzima inakula mita 40 na zaidi za bomba, yaani kilo 45 hivi kabla ya kuweka sahani za chuma za kushikia injini na mikono inayobeba magurudumu ya mbele. Ugumu wake hauji kwa unene. Mraba wa mabomba manne ukiusukuma kona unalala kama sanduku la karatasi, lakini ukiweka bomba moja la mshazari hauendi popote, kwa sababu pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja uvutike au usinyae. Kwa hiyo kabla ya kuongeza chuma, tafuta mraba ambao hauna mshazari. Kwangu ulikuwa pembeni mwa injini, mahali ambapo ekzosi inataka kupita. Nilihamisha ekzosi. Nimeona watu wakiukata mshazari ili bomba la moshi lipite vizuri, na inaniuma kila nikiona.

Meza ya kujengea ilinichukua wikiendi mbili na sijutii hata saa moja. Ni plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya chuma, nikiisawazisha kwa mpira wa maji, uleule mafundi ujenzi wanaotumia kuhamisha usawa kutoka nguzo moja mpaka nyingine. Umbali wa mita tatu, maji kwenye mpira hayakosei. Juu ya plaiwudi nilichora chesisi yote kwa ukubwa wake halisi, nikapigilia vipande vya mbao pembeni mwa kila mstari ili bomba likilazwa lisisogee.

Hata hivyo nilikosea, na kosa hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloharibu magari mengi ya nyumbani. Nilishika viungo vyote kwa nukta ndogo za kuchomelea, nikapima kona kwa kona, tofauti ilikuwa chini ya milimita moja. Nikafurahi, nikaanza kuchomelea ubavu wa kushoto mfululizo, kiungo baada ya kiungo, kwa sababu mkono ulikuwa umekolea. Jioni nilipoondoa vibanio, kona ya mbele kulia iliinuka taratibu kutoka mezani. Niliisukuma kwa kiganja ikashuka, nikaachia ikarudi juu. Milimita 11. Chuma kilichoyeyuka kinapopoa kinasinyaa na kuvuta kila kilichokigusa. Mivuto ile yote niliiweka upande mmoja, siku moja. Kupasha moto na kupinda kungeficha kosa tu, mvuto ungebaki ndani. Nilichukua grainda, nikakata viungo kumi na vinne, nikavisafisha, nikaanza upya: mshono mfupi mbele kushoto, unaofuata nyuma kulia, halafu mbele kulia, halafu nyuma kushoto, na kila kimoja kinapoa mpaka mkono unaweza kukishika. Safari hii kona zote nne zilikaa mezani. Kwa bomba la 1.5 tumia mashine ya waya na gesi. Mashine ya stiki, ya vijiti vya kuchomelea, inawezekana kwa fundi mwenye mkono, ila inatoboa, na kila tundu unaloziba ni joto jingine unaloongeza.

Upinde wa kulinda kichwa nyuma ya viti usiuhesabu kwenye mambo ya kupunguza uzito. Wangu ni bomba lisilo na mshono, milimita 45, ukuta 2.5. Bomba la maji lina mshono na halikutengenezwa kwa kazi hiyo, hata likiwa nene.

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa magurudumu ya mbele. Gurudumu linapopanda na kushuka, mikono ya juu na ya chini inachora duara lake, na tai rodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, inachora la kwake. Maduara hayo yasipokubaliana, gurudumu linajigeuza lenyewe kila likikanyaga tuta, wewe ukiwa umeshika usukani umenyooka. Kwenye gari zito unaweza usitambue. Kwenye gari la kilo 650 ni hatari, na barabara zetu hazikosi matuta. Namna ya kupima ni rahisi: toa springi, funga usukani usicheze, funga ubao ulionyooka kwenye habu (kitovu ambapo gurudumu hufungwa), kisha panda na kushuka kwa jeki huku ukipima umbali wa ncha mbili za ubao kutoka kwenye uzi uliovutwa sambamba na gari. Mimi, nikipandisha milimita 40, ncha ya mbele ilitoka nje milimita 4. Stelingi, boksi la usukani linalosukuma tai rodi, ilikuwa imekaa juu kuliko inavyotakiwa. Nilikata washa za kuiegemeza, nikashusha milimita mbili mbili, nikapima tena na tena mpaka tofauti ikawa ndogo kuliko unene wa kalamu yangu ya kuchorea. Siku nzima kwa upande mmoja. Ukimaliza, chomelea egemeo la kudumu, washa ziondoke.

Wenzetu wa Ulaya huweka gari hili chini sana. Langu lina milimita 150 kutoka ardhini, vinginevyo bakuli la oili lingebaki kwenye tuta la kwanza. Chujio la hewa nimelipandisha juu karibu na kioo, kwa sababu magurudumu ya mbele yako wazi na kiangazi chetu, upepo ukivuma, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Waya nilizihamisha zote kama zilivyo na kontrol boksi yake, yaani kompyuta ya injini, kila plagi ikiwa na karatasi ya jina kabla ya kuichomoa. Kadi ya Altezza, risiti za vyuma na picha za kila hatua ziko kwenye faili moja. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, na polisi wa usalama barabarani ukaulize kabla hujakata chuma cha kwanza, usisubiri kumaliza.

Breki za Altezza ni kubwa kwa gari hili, na haidrovaki yake, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako, ingefanya ukigusa pedali tu matairi yajifunge. Nimeiondoa. Nimeweka masta silinda (pampu za mafuta ya breki) mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, zikiunganishwa na ufito unaoweza kusogezwa ili kugawa nguvu. Pedali ni ngumu, unakanyaga kwa mguu kweli, lakini unajua kinachotokea kwenye tairi. Weka mgao ambao mbele inajifunga kwanza. Nyuma ikitangulia, gari linageuka kabla hujafikiri.

Mwisho ni mizani tena. Mizani za magari ya mashindano ni ghali, nikaenda Kibaigwa, kwenye soko la nafaka. "Shikamoo mzee, naomba kuazima mizani ya magunia siku moja." "Marahaba. Unapima mahindi gani Dodoma?" Nilimwonyesha picha kwenye simu, akaniachia na kamba ya kufungia. Mizani moja inatosha: gurudumu moja linakaa juu yake, mengine matatu yanakaa juu ya mbao zenye kimo kilekile, kisha unazunguka gurudumu kwa gurudumu. Niliweka kilo 75 za mchanga kwenye kiti cha dereva. Jumla ilikuwa kilo 725. Lakini mbele kushoto na nyuma kulia pamoja vilibeba 371, mshazari wa pili 354. Gari lilikuwa linasimama kama meza yenye mguu mmoja mfupi, na lisingekata kona za kulia na za kushoto kwa namna moja. Unapandisha kiti cha springi kwenye kona moja ya mshazari mwepesi, na uzito unahama kwenye mshazari wote. Niliinua ya nyuma kushoto nusu mzunguko, nikalitikisa gari likae, nikapima, nikaongeza robo. Mara ya sita ilisoma 363 kwa 362.

Nilirudisha mizani keshoye asubuhi. Mzee alitaka kujua gari lina kilo ngapi. Nilipomwambia 650 bila dereva, alihesabu kwa vidole: magunia sita na nusu.