Urejeshaji baada ya maafa ni nini, na nani anabaki na kazi lori la posho (unga wa mahindi) likishaondoka?

Mlima ukishuka, yaani udongo ukiporomoka, huku Elgon mashariki mwa Uganda, wiki ya kwanza kila mtu yupo. Msalaba Mwekundu na wanajeshi wanachimba tope kwa jembe na beleshi, lori la Ofisi ya Waziri Mkuu (ile sote tunaiita OPM) linashusha posho, maharagwe, blanketi na maturubai, wakubwa wanapigwa picha wamevaa gamboti. Hiyo ni misaada ya dharura, bado sio urejeshaji. Urejeshaji, kwenye mikutano utasikia wanasema rikavari, ni ile kazi ndefu inayobaki wapiga picha wakishaenda: mtu apate pa kulala pa kudumu, shamba, maji, shule ya watoto, kitu cha kumwingizia hela, na asijikute amerudi palepale kwenye hatari. Ni miaka hiyo, sio wiki.

Chukua wilaya ya Bududa, hukuhuku Elgon. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulifunika kijiji cha Nametsi, soko na kituo cha afya vyote ndani, na inakadiriwa watu zaidi ya 300 walikufa. Walionusurika wengi serikali ikawapeleka wilaya ya Kiryandongo, mbali kabisa. Sasa jiweke wewe ni Mgisu, kabila la mlima huu, umezaliwa mteremkoni kwenye baridi, unajua kahawa ya arabika na ndizi, halafu unaamka uko tambarare yenye joto unaambiwa haya, lima mahindi. Baadhi walirudi zao mlimani, na watu wakasema hawa ni wabishi tu. Mimi siuoni ubishi hapo, kahawa yako bado imesimama kule, makaburi ya wazee yako kule, na mtoto akifika umri wa imbalu (tohara ya Kigisu) unamchezea ngoma wapi?

Oktoba 2018 ikaja tena, Mto Suume ukashuka na mawe Bukalasi, hukohuko Bududa, zaidi ya watu 40 wakafa. Safari hii watu wakatafutiwa Bunambutye, wilaya ya Bulambuli, chini ya mlima uleule, wakaanza kuhamia 2019. Na hapo ndipo neno uratibu linapata maana yake, kwa sababu OPM inaweza kununua ardhi na nyumba zikajengwa, lakini OPM haichimbi visima (hiyo ni Wizara ya Maji), haipeleki walimu, haitoi hati za ardhi, haina manesi. Kila wizara ina bajeti yake na mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo mlima ukishuka Oktoba hela za mwaka zilishagawanywa kitambo. Bila mtu wa kuwakalisha meza moja, nyumba inakamilika bomba halijafika, na mtoto wa P7 (darasa la mwisho la msingi) anahamishwa wakati jina lake la mtihani liko kwenye shule ya kule alikotoka. Halafu kuna wilaya mbili, inayotoa watu na inayopokea, na inayopokea nayo ina wenyeji wake ambao wanaangalia wageni wanapewa nyumba.

Kwenye karatasi mpango upo. Sera ya taifa ya maafa ya 2010 inaiweka OPM juu, chini yake kamati ya wilaya ambapo CAO (ofisa mtendaji mkuu wa wilaya) ndiye anaongoza wataalamu, kisha sabkaunti, kisha kijiji. Kuna NECOC pia tangu 2014, kituo cha taifa cha kuratibu dharura, ila hicho zaidi ni cha tahadhari na dharura. Na wengi hawajui kwamba Katiba ya 1995, kifungu cha 249, inataka tume nzima ya maafa, lakini mzigo umeendelea kuwa wa OPM. Hela za haraka zinatakiwa zitoke mfuko wa dharura, ambao sheria ya fedha ya 2015 inataka uwekewe asilimia 0.5 ya bajeti. Wamarekani nao mwaka 2011 waliandika mfumo wao wa urejeshaji wakagawa kazi mafungu sita, makazi fungu lake, uchumi lake, afya lake, na kila fungu lina taasisi inayoongoza, yaani unajua umwulize nani. Hapo ndio wametuzidi.

Kwetu ukitaka kuona bei ya kukosa mgawo huo wa kazi, nenda Kasese, magharibi mwa nchi. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 ukaharibu hospitali ya Kilembe. Kukarabati wodi ni kazi ya watu wa afya, kutoa mawe mtoni ni ya watu wa maji na mazingira, kuamua nani ajenge ukingoni ni ya ardhi na wilaya, na hakuna hata mmoja anayeweza kuyafanya yote. Mei 2020 mto ukarudi, ukaingia hospitali ileile.